Mnyororo wa Jildou

Kanisa alikobatizwa mama, hapa Leeuwarden,
sasa lina kuta za kukwea, kamba na mikeka.
Vijana hupanda hadi palipokuwa na kinanda,
wakifika juu hubonyeza kengele ya umeme.
Sichukii. Angalau bado kuna wanaotazama juu.

Mimi ni fundi baiskeli, mtaa wa pili.
Kila gurudumu, kabla sijalifungua,
nanong'ona kidogo.
Jildou, mwanafunzi, ambaye mnyororo wake umekatika mara tatu,
aliniuliza juzi: "Huwa unasema na nani?"

Miaka yote nilikuwa na hotuba.
Ilijaa majibu ya maswali
ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.
Yote ikanitoka, pssss, kama upepo wa tairi.
Nikasema, "Na Yesu,"
nikaona haya, kama mzee aliyeropoka
jina la mpenzi wake mbele za watu.

Hakucheka. Alisema kwao jina hilo
hutoka tu mtu akijigonga kidole kwa nyundo.
Kisha, akipangusa mvua shingoni: "Hujibu?"
"Si kila mara. Mwaka jana wote, kimya."

Akalipa. Akafika mlangoni, akarudi:
baba yake, Sietse, anapasuliwa moyo Alhamisi.
"Mtajie wewe. Mimi sijui pa kuanzia."

Ubaoni, kati ya breki za jirani
na deni la tarishi, nimeandika kwa chaki: Sietse.

Leo Jumatano. Mvua haijakatika.
Hata mimi sijui pa kuanzia.
Nashika spana.
Naanza.