Bei ya Mpasuko

Kaka yangu Kulimushi alikuja Jumapili,
akapanda ngazi za udongo mia moja na kumi na mbili
(mimi nimezihesabu, yeye alihema tu),
akaketi kitandani, maana kiti kilikuwa na nguo,
akauliza alichopandia kilima kuuliza:
“Unaishije, Nabintu? Unaishije kwa pesa hizo?”

Dola tisini na tano. Shuka za hospitali,
damu ya waliojifungua, dawa ya manjano isiyotoka.
Tarehe tano, au kumi na tano, au mwezi ukipenda.
Nilitaka kumjibu upesi, kama mwanafunzi:
thelathini nyumba, kumi likirimba,
ada ya Asifiwe, makala, unga wa muhogo.
Lakini hesabu ikisomwa kwa sauti hufanana na malalamiko,
nami sikuwa nikilalamika.
Nilikuwa nikichambua sombe.

Basi nikamwambia habari za Mama Cibalonza wa Kadutu,
anayepima sambaza kwa kopo la maziwa.
Kopo likijaa, hajamaliza.
Anatia mkono tena, anarusha konzi juu yake,
samaki wanateleza,
wengine kwenye beseni langu, wengine wanarudi kwenye lake,
naye anasema: matabishi.

Hapo ndipo ninapoishi, kaka.
Ndani ya kopo hatuenei, hata tukibanana.
Naishi kwenye ile konzi:
umeme unaorudi saa saba za usiku,
naamka kupiga pasi na kumbe mtaa mzima uko macho,
redio zinaamkiana kilimani;
Murhula anayenitekea bidoni mbili bombani,
simlipi, namshonea vifungo,
na vifungo vyake, sijui kwa nini, havikai.

Alitikisa kichwa. Ana nyumba Muhumba,
ana jenereta, ana simu tatu, ana vidonda vya tumbo.
Sisemi vidonda vimetoka kwenye simu.
Mtu akinipa jenereta leo
nitaipokea kwa mikono miwili na kuipa jina.

“Na mvua?” akauliza.

Hapo alinishika.
Mvua ya Aprili ikianza kupiga bati
tunalala na viatu.
Mwaka juzi nyumba ya akina Birindwa
iliteremka bondeni na mlango wake umefungwa.
Usiku wa namna hiyo hakuna matabishi.
Usiku huo dola tisini na tano
ni dola tisini na tano.

Kwa hiyo sikumjibu ndiyo, wala hapana.
Nilimwonyesha noti.

Ishirini. Imechanika pembeni,
mpasuko mfupi kuliko ukucha wa mtoto.
Nililipwa nayo mwezi wa tatu, taa zikiwa zimezimika,
na tangu siku ile hakuna duka lililoipokea,
mwenye nyumba aliirudisha kwa vidole viwili,
hata kapu la sadaka liliitazama vibaya.
Naiweka kwenye daftari la Asifiwe la mwaka wa tatu,
kati ya kuzidisha na kugawanya.
Ndiyo akiba yangu ya kwanza maishani:
pesa ambayo soko limenikatalia.
Mbadilishaji wa Nyawera anaitaka kwa kumi na nne.
Sita ni bei ya mpasuko.
Homa ikibisha hodi, nitailipa.

Kulimushi aliinua noti kwenye mwanga, kwa mazoea,
akafungua pochi, akatoa ishirini nyingine,
mpya, imenyooka kama shati la kipaimara.
“Lete, tubadilishane.”

Nilikataa.
Alishuka kilima akinuna, nami nikarudia sombe yangu,
na mpaka leo sijui vizuri kwa nini.
Ila ile mpya
isingefika Jumatano.