Kuoka Kanda

Kanda za zamani huokwa. Msicheke.
Nyuzi hamsini na nne, kwa muda wa saa nane,
katika oveni ya kukaushia uyoga
niliyoinunua sokoni Maribor,
la sivyo gundi hutoka jasho, sauti hubanduka
na kuganda kwenye mashine kama masizi ya chungu.

Nane zilikuja ndani ya kikapu cha viazi.
Ivanka Drozg, miaka sabini na minane,
alizipandisha mwenyewe ghorofa tatu, mkono wangu akaukataa.
"Usiziunguze," akasema. "Nyingine sina."

Mwaka wa themanini na mbili alikuwa fundi umeme
katika kiwanda cha nguo ng'ambo ya mto Drava.
Usiku, zamu ikiisha, aliunganisha vipimo vya umeme
na mota za mitambo ya kufuma,
akarekodi kilichotoka:
vumo, mlio, vumo lililokonda hata likawa uzi,
uzi ukapenya tundu la sikio.
Kaseti mia mbili. Ziliuzwa thelathini na moja.
Zilizobaki, mwanawe alirekodia juu yake
masomo ya Kijerumani.

Sasa Tadej mwenye lebo, kijana wa ndevu na madeni,
anasema dunia iko tayari.
Dunia, kwa hesabu yake, ni watu mia tano
wa Osaka, Ghent na Montreal
watakaolipa yuro thelathini na mbili
kwa santuri nzito yenye rangi ya maziwa.
Albamu ya kale na mpya zitoke siku moja, pacha
waliopishana miaka arobaini tumboni.

Nilisafisha. Ndiyo kazi yangu.
Niling'oa mikwaruzo mmoja mmoja, kama achambuaye mchele,
nikaondoa na mngurumo wa umeme wa jengo.
"Huo ndio muziki," akasema.
Nikaurudisha.
Upande wa pili, dakika ya kumi na moja,
mtu anakohoa.
Mara mbili, kavu, karibu na maikrofoni.
Nikakata, nikaziba pengo kwa vumo la jirani.
Mshono haukuonekana. Nilijivunia mshono ule.

Alikuja kusikiliza Jumanne, koti hakulivua.
Alifumba macho. Dakika ya kumi na moja ilipokaribia
mkono wake uliinuka kidogo pajani
kama wa mtu aliyemwona mwenzake dirishani mwa basi.
Basi likapita.
"Yuko wapi Silvo?"

Nilidhani ni fundi mwingine, nikasema sijamwona.

Silvo ndiye aliyeshika penseli
ambayo kitanzi cha kanda kiliizunguka,
robo saa bila kutikisika, maana chuma cha kukishikilia
hawakuwa nacho.
Alikuwa mfumaji. Pamba ilishamjaa kifuani.
Picha zake ni tatu, na katika mbili amegeuka.
Sauti yake haipo popote; hakuwa msemaji.
Ni hizo mbili tu. Kavu. Karibu.

Wahenga walishasema kuhusu kikohozi
na kile kingine kisichofichika; sirudii, mnajua.
Nilifungua faili la awali, nikamrudisha mahali pake
kabla chai haijapoa.
Ivanka akanywa. Akavua koti.

Na albamu mpya? Kila mtu anauliza.
Ameitengeneza jikoni, kwa jokofu, dinamo ya baiskeli,
na kompyuta ya mjukuu anayoiita "yule mvivu".
Sikuipenda. Sijui kama naipenda sasa.
Dakika arobaini za mlio mmoja unaozama
polepole mno, hujui umeshuka
mpaka ujaribu kusimama.
Hakuna anayekohoa. Nilitafuta.
Ila dakika ya kumi na moja mlio unakatika,
kimya, kama pumzi tatu hivi, kisha unaendelea.
Nikajitungia maelezo marefu, mazuri,
nikampelekea mlangoni alipokuwa akifunga kikapu.
"Hapo?" akasema. "Nilikwenda kumfungulia mtu wa posta."

Nimepaacha vivyo hivyo.