Tone la Rangi ya Kucha

Nyumba za mtaa huu wa Keighley zimeshikana mabega;
ukuta wangu ndio ukuta wa Bi Hebblethwaite,
akikohoa yeye, mimi ndiye nayetafuta maji.

Amplifaya niliinunua kwake, pauni thelathini na tano,
mwezi wa pili baada ya kumzika mumewe.
Nzito kama gunia la sukari,
kasha la mbao lenye alama mbili za vikombe vya chai.
Hii ni ya sabini na sita, aliniambia, mwaka ule wa kiangazi.
Ya pili hakuisemea.

Sikuifungia kabatini kama vyombo vya wageni.
Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya fulana ya kazi,
nabonyeza swichi: tak.
Taa ya rangi ya asali inawaka, sauti bado.
Haina haraka, iko kama mtu anayetafuta miwani yake.
Naweka birika jikoni.
Birika likianza kulia nayo huanza,
spika ya kulia kwanza;
ya kushoto mpaka uikumbushe,
uzungushe kitufe huku na huku, kwaru, kwaru,
vumbi la miaka hamsini lijisogeze,
ndipo habari za asubuhi zitimie
na msomaji akae katikati ya sebule,
karibu nimkatie mkate.

Mwanangu Salmini ana muziki wa dunia nzima mfukoni.
Kwa nini, mama, uinuke kugeuza santuri?
Namwambia ndiyo mazoezi aliyoniandikia daktari.
Lakini msimu wa mitihani nilimkuta kalala zuliani,
kichwa kati ya spika mbili, daftari kifuani,
sindano imefika mwisho inasugua ukimya:
shii, tup. Shii, tup.
Hakuinuka. Wala mimi.

Pembeni mwa kitufe cha sauti, mkabala wa namba nne,
kuna tone la rangi ya kucha, jekundu.
Bi Hebblethwaite alilipaka kwa mkono wake:
mpaka wa mumewe, siku za Jumapili.
Chombo kaniuzia, amri kabaki nayo.
Nikivuka, fimbo hugonga ukuta mara mbili,
nami hurudi, kama mume.

Jumamosi iliyopita, mvua ikichapa vigae,
napiga pasi mashati.
Bendi ya matarumbeta, santuri iliyokuja bure na kasha,
jina limefutika, ina mkwaruzo upande wa pili
pale mpigaji anaporudia neno lile lile mara tatu
kama anayeita mtu asiyesikia.
Fimbo ikagonga.
Mara moja.
Nikangoja ya pili, pasi hewani, mvuke ukipanda.
Haikuja.

Nikaenda kwenye kitufe. Nne.
Nne na nusu. Tone jekundu likabaki nyuma.
Tano.
Vikombe vikatetemeka rafuni,
na upande wa pili wa ukuta
kiti kikaburuzwa karibu.