Hajatoka

Misimu miwili tu, Viboko wa Winam.
Jezi rangi ya papai, jina la benki mgongoni,
na benki yenyewe ikafungwa kabla jezi hazijachuja.

Mimi nilikuwa karani wa alama.
Nilikaa chini ya ubao na penseli mbili,
wembe wa kukwangua makosa, chupa ya uji,
na kijana Fwamba wa kubadilisha namba:
vipande vya bati vilivyotundikwa kwenye misumari.
Sita ukiipindua ni tisa.
Nne hatukuwa nayo, iliziba tundu la kuku
nyuma ya jiko la klabu,
kwa hiyo tukigonga arobaini
tuliomba Mungu hamsini ije upesi.

Jaspal Kalsi alisimama nyuma ya vijiti
akimsemesha mpigaji kwa Kijaluo kisafi,
mbuta bei gani leo, dadako ameposwa,
hata mtu asahau mguu wake wa nyuma uko wapi
na vijiti vishaanguka.
Ogada Nyangweso alirusha akitokea upande wa ziwa,
mbio ndefu, kama mtu anayekimbia deni.
Kumbe sisi ndio tuliokuwa tukidai.
Mwezi wa tatu hundi ya tajiri
ilidunda kuliko mpira wowote uwanjani pale.
Mwezi wa nne haikuja hata ya kudunda.

Mechi ya mwisho, ova ya kumi na moja,
mvua ikashuka kutoka milima ya Nandi
ikatukuta turubai limeshachukuliwa na wadai.
Tukasema, kesho.
Kesho lango lilikuwa na kufuli mpya.

Daftari ninalo. Mchwa wamekula pembe,
ukurasa ule una doa la uji,
na mstari mmoja sikuufunga:
Makhulo, thelathini na nane, hajatoka.

Juzi nikamkuta Kibuye anapima misumari,
kitambi kimemtangulia kwenye meza.
Hakunisalimu. Aliuliza, "Ngapi?"
"Thelathini na nane."
"Na ova?"
"Imebaki mipira minne."
Akainua macho juu ya mabati ya soko,
akayakagua mawingu ya Nandi,
akaongeza misumari mitatu kwenye mzani
bila mteja kuomba.
"Basi usifute," akasema.

Nifute na nini?
Wembe niliutupa siku ile ile ya kufuli.