Masafa Mafupi

Hapa Hsinchu nyekundu ni kupanda, kijani ni kushuka.
Mgeni hufurahi kimakosa wiki nzima.

Mimi ni wakala wa hisa, dirisha la nne,
mkabala na ubao ambao wazee huutazama
kama wengine watazamavyo mpira:
wana timu zao, wana matusi yao.

Bibi Peng Pi-hsia hufika saa tatu kasoro robo,
mikono ingali na unga wa mchele.
Miaka arobaini ameanika tambi kwenye upepo wa mji huu,
upepo unaopindua miavuli na kukausha chakula
bila kudai ujira kwa lolote.
Hununua hisa saba. Tambi zikitoka vizuri, kumi na moja.
Huziandika kwenye daftari la madeni,
chini ya jina la mwenye mgahawa
asiyelipa tangu mwaka jana.

"Nunua lile jitu," nilimwambia siku ya kwanza,
"linalochonga chipu za dunia nzima,
nyaya nyembamba hata unywele mbele yake ni gogo."
Akacheka. "Jitu lina wenyewe.
Nipe kale kadogo ka mtaa wa nyuma,
kanakotengeneza chipu za kunong'onezana:
simu na spika, ufunguo na mlango,
saa ya mkononi na moyo wa mwenye saa.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, kijana."

Sikumwambia kwamba faida yao ni nyembamba kama tambi zake.
Nilimwambia baadaye. Alikuwa anajua.
Marehemu mumewe alizipima chipu hizo,
zamu ya usiku, ndani ya vazi jeupe lililoacha macho tu,
hata mwaka ule mvua ilipogoma,
viwanda vikanywa kwanza,
mpunga ukaambiwa usubiri.

Jumanne moja ya Mei, habari ikatoka:
mteja mkubwa wa simu ataanza kujichongea chipu mwenyewe.
Kijani. Kijani. Kijani mpaka kwenye sakafu
ambayo sheria hairuhusu bei kuitoboa kwa siku moja.
Ukumbi ukanyamaza. Mtu akaangusha kifuniko cha chupa ya chai,
sote tukakisikia kikizunguka mpaka kikalala.

Nilikuwa na hisa elfu mbili, za mkopo,
kwa jina la dada yangu.
Niliziweka sokoni chini ya meza.
Hakuna aliyezitaka.

Akaja yeye na pakiti ya kijani ya bisi za nazi,
zile ambazo hapa huwekwa juu ya mashine
ili zitulie, zisilete ukaidi.
Kijani pekee isiyotisha mtu mjini.
Akaiegemeza kwenye skrini yangu.
"Bibi, niuze?"
Akasogeza nywele, akagusa kifaa nyuma ya sikio.
"Hiki kitaacha kusikia kesho?"
"Hapana."
"Mlango wa kiwanda umefungwa?"
"Hapana."
"Basi umeniuliza nini?"

Sisemi ilikuwa hekima. Wiki mbili bei haikuinuka,
na wapo waliofanya kama yeye wakalia.

Saa saba na nusu soko likafungwa.
Nikatafuta spika zangu za masikioni,
nisisikie chochote isipokuwa muziki.
Kompyuta ikaorodhesha vilivyo karibu:
Printa ya ghorofa ya pili.
Simu ya Wen-kai.
Sikio la Mama.

Mwanawe alilipa jina hilo kabla hajaenda Arizona
kulifundisha jangwa kuchonga silikoni,
saa kumi na tano nyuma yetu,
mahali ambapo chipu ya kunong'ona haifiki.

Bibi alikuwa mlangoni akipigana na mwavuli.
Nikahesabu hatua: sita, nane, kumi.
Sikio la Mama likafifia kwenye orodha,
likarudi mara moja,
labda upepo ulimsukuma,
kisha likatoka.

Bisi ziko pale pale. Muda wake unaisha Oktoba.