Mstari wa Nyuma

Timu yetu ilikuwa na vyama viwili,
ingawa hakuna aliyekata kadi.
Chama cha Erasto Kimambo: raketi mbili, ndizi mbivu tatu,
daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni
na ndani yake kila gemu tuliyopoteza tangu Machi.
Chama cha Shabani Likwati: chupa ya kahawa ya tangawizi,
sambusa za mkewe zilizoviringishwa gazetini,
na neno moja tu: "Taratibu."

Mimi nilikuwa wa Shabani.
Nililisema hilo mara nyingi, kwa sauti,
hasa tukishafungwa.
"Jamani, Jumamosi ni ya jasho na kicheko,
kazi tumeiacha Posta jana."
Erasto hajibu, anafunga kamba za viatu,
anazifunga mara mbili,
kama mtu anayekaza mzigo wa kwenda Moshi.

Tulimcheka.
Kumbe alikuwa akipita pale alfajiri kabla ya foleni,
yeye na ukuta,
pa, pa, pa,
mpaka mlinzi Ndunguru akazoea kumhesabia.

Siku ya mwisho ya ligi walikuja watu wa benki,
fulana za bluu, zote sawa, hata soksi.
Sisi tulikuwa na rangi nne,
yangu imeandikwa *Lala Ndani ya Chandarua*.
Uwanja wa Upanga, saruji yenye nyufa,
wavu umeungwa kwa kamba ya katani,
kunguru wameshaiba sambusa ya kwanza.
Atakayeshinda anapanda daraja.

"Kupanda wapi?" akauliza Shabani. "Kwani huku chini kuna mafuriko?"
Nikacheka kuliko wote.

Seti moja kwa moja. Ya tatu, tano kwa nne, sisi mbele.
Pointi moja imebaki.
Na ligi ya watu kama sisi haina refa:
upande wako, macho yako, mdomo wako.

Yule dada wa benki akaupiga mrefu.
Ukanipita begani, ukashuka nyuma yangu,
nami nikageuka nikauona, wallahi niliuona,
ukigusa rangi nyeupe
na kuinua vumbi kidogo, kiasi cha chumvi ya yai.

"Nje!"

Kidole kilikuwa juu kabla sijakituma.
Shabani akarusha taulo. Mtu akapiga kigelegele.
Moyo wangu, ule wa Jumamosi ya kicheko,
ulikuwa ukinidunda kama wa mwizi wa Kariakoo.

Erasto akatembea mpaka mstarini.
Hakuinama. Hakupandisha sauti.
"Ulikuwa ndani, Siwatu."
Akawanyooshea wale wa bluu kiganja.
"Pointi yenu."

Tulipoteza saba kwa tano.

Shabani akagawa sambusa, akaanza na washindi,
akawauliza benki yao inakopesha watu wasiojua kupiga sevu.
Yeye kweli hakujali. Hilo nalo nililijua siku ile.
Ni mimi niliyejibanza chini ya kicheko chake
kama asiye na mwavuli chini ya mwavuli wa jirani,
nikidai napenda mvua.

Erasto alikuwa benchini, anaandika.
Nikachungulia, nikitegemea kujikuta
chini ya neno baya.
*7–5. Uwanja mkavu. Siwatu: pigo la kushoto linaimarika.*
Basi. Akafunga daftari, akamenya ndizi,
akanipa nusu bila kunitazama.

Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
Ndunguru alinifungulia geti huku anapiga miayo.
"Na wewe nikuhesabie?"
Erasto alikuwa ukutani tayari.
Hakushangaa, hakusalimu,
alisogea tu kidogo kushoto.