Nukta Tisa

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa,
lakini yanapimika.
Ndiyo kazi yangu: daftari, futi kamba,
na Shekalaghe wa kushika ncha ya pili.

Ngamiani haina mito. Ina mapaa.
Milimita moja juu ya mita moja ya mraba
ni lita moja; hapo hapana ubishi.
Ubishi huanza mvua inapogusa kitu.
Bati halinywi: naliandikia nukta tisa.
Lami hulowa usoni tu: nukta nane tano.
Mchanga ulio chini ya mkungu wa madrasa
hunywa kama mgonjwa wa homa,
hurudisha nukta moja tano, basi.

Bi Kilua Singano hataki nukta zangu.
Anataka kujua kwa nini masika haya
kandambili zake zimeelea hadi jikoni,
nyumba isiyowahi kulowa kizingiti miaka thelathini.
Amechora ukutani, kwa mkaa, maji yalipofika,
na tarehe.
Kipimo chake kizuri kuliko changu.

Nikapanda na mteremko, uwanja kwa uwanja.
Duka la saruji: paa la mita mia na ishirini.
Mvua ya milimita arobaini,
toa kidogo kinachobaki juu ya bati:
ndoo mia mbili na kumi na sita
mlangoni kwa mtu, kwa saa moja,
bila hodi.

Kisha Shekalaghe akasimama, hakunitazama.
Geti la kijani.
Vitofali vya zege, vyekundu na kijivu,
nilivyomnunulia mama kwa mshahara wa kwanza
asikanyage tope akienda kuswali.
Palikuwa na mchicha pale, na kuku wakipekua.
Mita themanini na nne. Sikuhitaji futi kamba.

Niliandika nukta sita.
Shekalaghe akakohoa.
Nikafuta, nikaandika nane.

Ripoti itasema mfereji upanuliwe,
shimo la kokoto lichimbwe kando ya barabara,
mapipa yakae chini ya michirizi.
Halmashauri itasoma ikipata nafasi.

Mimi Jumamosi nimeazima mtaimbo.
Mama ameuliza kama nimerukwa na akili.
Mistari miwili tu, mama, ukuta hadi ukuta,
ardhi ipate pa kufungulia kinywa.

Ameingia ndani, kimya.
Sijui kama amekasirika
au anatafuta mbegu za mchicha.